Malezi, Magazeti na Siasa ya Nchi za Nje: Nyerere na Banda Mbele ya Afrika ya Kusini

Mwezi wa Septemba, 1967, Serikali ya Malawi ilitangaza kuwa itafungua uhusiano wa kibalozi na Afrika ya Kusini. Ilikuwa haijatimia miaka miwili tangu Serikali ya Tanzania, tarehe 15 Desemba, 1965, ilipovunja uhusiano wake na Uingereza, kwa kuwa Uingereza haikuwashusha walowezi wa Rhodesia waliojitangazia uhuru mwezi mmoja kabla ya hapo. Tendo la kwanza liliiletea Malawi mikopo ya kujengea mji mkuu mpya wa Lilongwe. Tendo la pili liliipotezea Tanzania mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa umekwisha kuahidiwa. Nchi hizi mbili zapakana kwa ziwa moja na mto mmoja, na watu wa kandokando ya mto Songwe huoana na kuzikana. Wakuu wa nchi hizo, Mwalimu Julius Nyerere na Daktari Hastings Kamuzu Banda, walikuwa wote wawili Wakristo washika dini. Wote wawili walipata elimu yao ya juu Edinburgh. Wote wawili walilipinga Shirikisho la Afrika ya Kati kwa nguvu zao zote, Banda akiwa London na Nyerere akiwa bado mwanafunzi Uskoti. Ilikuwaje basi watu walionywa maji ya kisima kimoja wakaja kutazama upande wa kusini kwa macho yasiyofanana hata kidogo?

Jawabu lililozoeleka ni la jiografia. Malawi haina bahari. Bidhaa zake zilipita kwa reli katika nchi ya Msumbiji iliyokuwa chini ya Wareno, na maelfu ya vijana wake walikuwa migodini Afrika ya Kusini, wakipeleka mishahara yao nyumbani. Tanzania ina bandari yake, na uchumi wake haukushikwa na Johannesburg. Maneno haya ni kweli, wala sina nia ya kuyabisha. Lakini hayatoshi. Zambia nayo haina bahari, na shaba yake ilikuwa ikisafirishwa kwa reli ya Rhodesia; juu ya hayo Kenneth Kaunda alichagua njia ya Dar es Salaam, akapata hasara kubwa miaka mingi, mpaka reli ya Wachina iliyoanza kujengwa mwaka 1970 ilipofika Kapiri Mposhi. Tena baba yake Kaunda alikuwa mtu wa Nyasaland, mwanafunzi wa misheni ile ile ya Kiskoti ya Livingstonia iliyomfundisha Banda kusoma. Kwa hiyo si ukosefu wa bahari peke yake, wala si misheni peke yake. Yatupasa kutazama jinsi kila mtu alivyozijua nchi za nje kwa mara ya kwanza, na jinsi habari za nchi hizo zilivyoendelea kumfikia baada ya hapo.

Hapa lazima mchunguzi ajihadhari. Habari nyingi za utoto wa wakuu hawa twazipata kwa vinywa vyao wenyewe, au vya wafuasi wao, baada ya wao kuwa wakuu. Mtu akisha kuwa Rais, hata mbuzi aliowachunga huonekana kuwa walikuwa na maana. Banda hasa alikuwa fundi wa kuyasimulia maisha yake: hata mwaka wa kuzaliwa kwake una mashaka, kwani Serikali yake iliutaja kuwa ni 1906, na wanahistoria wengi huuweka karibu na 1898. Basi katika haya yafuatayo nimejitahidi kusimama juu ya mambo yenye ushahidi wa nje, na palipo na masimulizi matupu nimesema kuwa ni masimulizi.

Yasimuliwa kuwa Banda, mtoto wa wilaya ya Kasungu, aliondoka kwao kwa sababu ya mtihani. Alikuwa mfupi, akaketi nyuma, akasimama ili aone yaliyoandikwa ubaoni. Msimamizi, mmisionari wa Kiskoti aliyeitwa Cullen Young, akadhani kuwa anamwibia mwenziwe majibu, akamtoa. Liwe kweli au liwe limetiwa chumvi, yajulikana kuwa kijana huyo alitoka Nyasaland kwa miguu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akafanya kazi katika hospitali huko Hartley, Rhodesia ya Kusini, kisha akaendelea mpaka Johannesburg, akaajiriwa katika mgodi wa dhahabu karibu na Boksburg. Huko alikaa miaka kadha. Huko ndiko alikojiunga na kanisa la Wamarekani weusi, African Methodist Episcopal, na kanisa hilo ndilo lililomfungulia njia ya kwenda Amerika mwaka 1925.

Msomaji alifikiri neno hili vizuri. Kwa Banda, Afrika ya Kusini haikuwa jina la ubaya kabla haijawa mahali. Ilikuwa ni mji alioufikia na vumbi miguuni. Ni mahali alipopokea mshahara, alipojiunga na kanisa lenye maaskofu weusi, na alipopata mlango wa kutokea kwenda duniani. Ubaguzi aliuona, tena kwa karibu kuliko alivyouona Nyerere wakati wowote wa ujana wake. Lakini aliuona kama mtu wa kwao anavyouona: kama jambo la kulipita, kulizunguka, kulivumilia mpaka siku ya mshahara. Hivyo ndivyo walivyouona maelfu ya Wanyasa waliomtangulia na waliomfuata katika njia ile. Katika vijiji vya kwao, kwenda Joni lilikuwa ni neno la ujana na mahari, si neno la siasa.

Amerika ilimpa elimu ya Ohio, Indiana, Chicago na Nashville, ambako alitunukiwa shahada ya udaktari mwaka 1937. Kwa wasomaji wa jarida kama hili kuna jambo moja la Chicago lisilopasa kupitwa. Mwaka 1937 kilichapwa kitabu cha sarufi ya Kichewa, kazi ya mwanachuoni Mmarekani mweusi Mark Hanna Watkins. Na mtu aliyemtolea Watkins lugha hiyo, neno kwa neno, alikuwa ni mwanafunzi Banda. Ndiye huyo huyo ambaye, aliporudi nyumbani tarehe 6 Julai, 1958, baada ya miaka arobaini na zaidi ya ugenini, alihutubia makutano kwa Kiingereza, na pembeni yake amesimama mkalimani. Aliendelea hivyo miaka yote ya utawala wake. Wengine husema alikuwa ameisahau lugha yake. Wengine husema alifanya kusudi, ili heshima ya Kiingereza imtenge na watu. Iwayo yote, matokeo yake katika siasa yalikuwa ni haya: maneno yalishuka kutoka kwake kwenda kwa watu, wala hayakupata njia nyepesi ya kupanda.

Baada ya Amerika alikwenda Edinburgh, akapata leseni ya kuganga chini ya sheria za Uingereza, akawa mzee wa Kanisa la Uskoti. Hapo tena twakutana na yule Cullen Young: mwaka 1946 ilichapwa London juzuu ya insha za wenyeji wa Nyasaland, na wafasiri wake ni wawili, Young na Banda. Mtoto aliyetolewa katika mtihani amekaa meza moja na msimamizi wake. Mimi naliona jambo hili kuwa ni funguo kubwa ya siasa aliyoifuata baadaye. Maisha yake yote yalikuwa yamemwonyesha kuwa mzungu aliyekudharau, ukikaa naye, ukamwonyesha unachokijua, mwisho atakupisha kiti. Alipokwenda Afrika ya Kusini kwa ziara rasmi mwezi wa Agosti, 1971, mkuu wa kwanza wa nchi ya Waafrika kufanya hivyo, hoja yake ilikuwa hiyo hiyo, ila sasa imekuzwa ikawa siasa ya dola: Makaburu wamwone mtu mweusi akikaribishwa kama Rais, na hofu yao itapungua. Lakini neno lililomfaa mtu mmoja kwa mmisionari mmoja halikuwa lazima liwafae mamilioni mbele ya sheria za nchi.

Malezi ya Nyerere yalikuwa ya namna nyingine. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, kabila dogo ambalo utemi wake ulikuwa umepata nguvu kwa mkono wa wakoloni zaidi kuliko kwa mila. Alianza shule ya Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12, na Kiswahili alijifunza huko. Kisha akaenda Tabora, shule ya Serikali iliyoigizwa shule za mabwana wa Kiingereza. Hakuna popote katika njia hii alipokwenda kuuza nguvu zake ugenini. Hakuvuka mpaka wa Tanganyika ila kwa kitabu: Makerere mwaka 1943, Edinburgh mwaka 1949.

Na tangu mwanzo alikuwa mtu wa gazeti. Akiwa Makerere, mwaka 1943 huo huo, aliandika barua iliyochapwa na Tanganyika Standard, akidai kuwa ujamaa ndio utakaowafaa Waafrika. Gazeti hilo lilikuwa la walowezi na wafanya biashara, nalo kwa miaka mingi halikumpenda yeye wala chama chake. Lakini alilisoma, akabishana nalo, akajua namna linavyosema. Huko Edinburgh alisoma historia, uchumi na falsafa katika miaka ambayo magazeti ya Uskoti yalijaa habari za Nyasaland, kwa sababu Kanisa la Uskoti lilikuwa na misheni huko na waumini wengi waliliona Shirikisho kuwa ni usaliti. Basi Afrika ya kati na ya kusini zilimjia Nyerere kama hoja iliyoandikwa, yenye haki upande mmoja na batili upande mwingine, tena ikisomwa na watu wasiopoteza kitu kwa kuwa upande wa haki.

Sisemi haya kwa kumshusha. Nataka tuone kuwa mtu aliyeijua nchi kwa karatasi aweza kuiona kwa usafi kuliko aliyeijua kwa miguu, kwa sababu hana deni nayo. Baadaye watu wenyewe wakaja badala ya karatasi. Tarehe 26 Juni, 1959, Nyerere alikuwa msemaji mmoja katika mkutano wa London ulioanzisha mwito wa kuzisusia bidhaa za Afrika ya Kusini. Pamoja naye alikuwapo Padre Trevor Huddleston, aliyefukuzwa moyoni na sheria za Johannesburg, na ambaye mwaka uliofuata alikuja kuwa Askofu wa Masasi. Tangu mwaka 1960 wakimbizi wa kisiasa kutoka kusini walipita Dar es Salaam, na tangu 1963 Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ikafanya makao hapo. Rais akitoka nyumbani kwake hakukosa kukutana na mtu aliyetoka jela ya Makaburu. Wale wa Malawi waliotoka kusini walikuwa na baiskeli mpya na blanketi; wale wa Dar es Salaam walikuwa na makovu. Nchi ni moja, lakini wajumbe wake ni mbalimbali, na kila mkuu aliamini wajumbe waliomfikia.

Nyerere aliujua pia uzito wa gazeti la mwenye nguvu. Tarehe 12 Machi, 1961, Tanganyika ikiwa bado haijapata uhuru, aliandika katika The Observer la London kuwa Jumuiya ya Madola ikiipokea Afrika ya Kusini, Tanganyika haitaingia. Siku tatu baadaye Afrika ya Kusini iliondoa ombi lake. Sababu za kuondoa zilikuwa nyingi, na mawaziri wakuu wa India, Kanada na wengine walikuwa na sehemu yao. Lakini makala ile iliwekwa mahali pa kusomwa na watu hasa waliokusudiwa. Mwandishi alikuwa amelelewa na ukurasa ule, akajua namna ya kuugonga mlango wake. Banda, aliyekaa Uingereza miaka mingi kuliko Nyerere, alikuwa daktari wa wagonjwa na mzee wa kanisa. Yeye aliamini ziara, barua, na mazungumzo sebuleni.

Sasa tuje kwenye lugha. Mwaka 1959, katika Baraza la Kutunga Sheria, Nyerere alitoa tamko lake mashuhuri juu ya mwanga utakaowekwa kileleni mwa Kilimanjaro ili uangaze nje ya mipaka. Alisema kwa Kiingereza, na neno alilotumia lilikuwa ni mshumaa. Kwa Kiswahili neno hilo limekuwa mwenge, na ni mwenge uliopandishwa mlimani usiku wa uhuru. Tofauti si ndogo. Mshumaa ni kitu cha nyumbani na cha kanisani. Huwashwa ili walio karibu waone. Mwenge hushikwa mkononi, huchukuliwa njiani, huongoza watu wanaotoka. Kanisa na shule ndivyo vilivyompa mshumaa. Umma na lugha yake ndivyo vilivyomrudishia mwenge. Ukitaka kujua siasa ya Tanzania ya nchi za nje ilikotoka na ilikokwenda, safari ile kutoka neno moja hadi jingine yaeleza mengi.

Katika miaka ya sitini magazeti na redio vilikuza msamiati mzima wa mambo ya nje. Beberu, ambaye ni mbuzi dume tu katika lugha ya wafugaji, akawa mtu anayetawala nchi za wengine. Ukombozi, neno la utumwa na la dini, likawa la bunduki na mipaka. Kutofungamana kukatoka mezani pa wafasiri kukaingia barazani. Na kibaraka likawa neno la kumtajia Mwafrika yeyote anayeshirikiana na watawala wa kusini. Maneno haya yalifanya kazi kubwa ya kuwaelimisha watu wasiojua Kiingereza. Mkulima wa Newala aliweza kujua kwa nini wakimbizi wa Msumbiji wamefika shambani kwake. Lakini yalikuwa pia na hukumu ndani yake. Aliyekwisha kuitwa kibaraka hana haja ya kuelezwa. Neno limemaliza kesi. Nathubutu kusema kuwa mara nyingi siasa ya Malawi haikuchunguzwa kwa Kiswahili, kwa sababu Kiswahili kilikuwa na jina lake tayari. Banda hakuwa kibaraka kwa maana ya mtu anayevutwa kwa uzi. Alikuwa mtu mwenye hiari yake, aliyetenda kwa imani mbaya aliyoipata kwa maisha marefu, na hilo ni jambo la kutisha zaidi.

Swali la magazeti hubadilika mara mkuu awapo mwenye mali wa magazeti. Tarehe 5 Februari, 1970, Nyerere alilitaifisha Tanganyika Standard, lile lile alilolipelekea barua akiwa mwanafunzi. Akajitwalia cheo cha mhariri mkuu, akamweka Frene Ginwala, mkimbizi wa Afrika ya Kusini, aliongoze. Agizo lake lilikuwa kwamba gazeti liwe huru kukosoa. Mwaka uliofuata lilikosoa kweli: Jaafar Nimeiry alipowaua wakomunisti wa Sudan, tahariri ililaani tendo hilo kwa maneno makali juu ya kiongozi ambaye Serikali ilikuwa na urafiki naye. Ginwala akaondolewa. Basi gazeti lililolelewa na siasa ya Rais lilikuwa limekwisha kupita mbele ya Rais mwenyewe, na hapo mpaka ukaonekana. Ginwala alikuja kuwa Spika wa Bunge la Afrika ya Kusini mwaka 1994. Mhariri wa The Nationalist tangu 1966, Benjamin Mkapa, naye akawa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje mwaka 1977, halafu Rais. Dar es Salaam, meza ya mhariri ilikuwa ni shule ya ubalozi.

Malawi haikuwa na shule kama hiyo. Magazeti makubwa yaliingia katika milki ya Banda na makampuni yake, sheria ya udhibiti ya mwaka 1968 ikafunga yaliyobaki, na redio ikarudia hotuba. Televisheni haikufika mpaka mwaka 1999, Banda mwenyewe akiwa amekwisha kufariki. Tanzania Bara nayo ilikaa bila televisheni mpaka 1994, na sheria ya mwaka 1968 ilimpa Rais uwezo wa kulifunga gazeti. Kwa hiyo yasidhaniwe kuwa upande mmoja ulikuwa nuru na upande wa pili giza. Tofauti ilikuwa ni ya idadi ya sauti. Katika Redio Tanzania vyama vya ukombozi vya nchi mbalimbali vilipewa saa zao za kusema, navyo havikukubaliana vyenyewe kwa vyenyewe. Katika redio ya Blantyre ilisikika sauti moja, nayo ilitafsiriwa.

Kuhusu Biafra yafaa nitie neno, kwa kuwa hutajwa sana kama mfano wa nguvu ya picha. Husemwa kuwa Nyerere aliitambua Biafra kwa kuguswa na picha za watoto waliokonda. Tarehe zakataa. Tanzania iliitambua Biafra tarehe 13 Aprili, 1968. Picha zile zilienea katika magazeti ya Ulaya katikati ya mwaka ule, baada ya miezi miwili mitatu. Kilichomsukuma kilikuwa ni hoja: kwamba dola ni kwa ajili ya watu, na dola ikishindwa kuwalinda watu fulani haina haki ya kuwashika kwa nguvu. Hiyo ni hoja ya darasa la falsafa la Edinburgh, na tarehe 28 Aprili alikwenda kuieleza katika The Observer, kwa wasomaji wake wa zamani. Nchi nyingine tatu tu za Afrika zilifanya kama alivyofanya. Hapa twaona udhaifu wa mtu wa karatasi: hoja yake ilikuwa safi, lakini wengi wa wenziwe waliitazama mipaka yao, wakaogopa.

Kama kuna mtu awezaye kuwa ushahidi wa kupimia haya yote, ni Kanyama Chiume. Alizaliwa Usisya, kando ya ziwa upande wa Nyasaland, lakini mama yake alipofariki alichukuliwa na jamaa yake akalelewa Tanganyika. Akasoma huko na Makerere. Yeye ni mmoja wa vijana waliomwita Banda arudi nyumbani mwaka 1958. Uhuru ulipopatikana alikuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Malawi. Akautaka urafiki na China, na kuwaweka mbali Wareno na Makaburu. Kwa neno moja, alikuwa na siasa ya Dar es Salaam akiwa Zomba. Banda hakukosea alipoona kuwa mawazo hayo yametoka kaskazini, ila alidhani yametoka kwa balozi wa Kichina, na mimi naona yametoka utotoni. Tarehe 7 Septemba, 1964, Banda alimfukuza pamoja na mawaziri wengine wawili, na wengine wakajiuzulu kwa kuwaunga mkono. Yalikuwapo magomvi mengine pia, ya ada ya hospitali na ya kuwapa Waafrika vyeo, lakini mambo ya nje yalikuwa mbele. Chiume akavuka mpaka, akarudi katika lugha iliyomlea. Akaandika hadithi kwa Kiswahili, na Dunia Ngumu ilisomwa na watu wengi wasiojua kuwa mwandishi wake alikuwa waziri wa nchi nyingine. Wa damu moja na watu wa Banda, wa malezi ya watu wa Nyerere: alipolazimika kuchagua, malezi yalishinda damu.

Imebaki habari ya ziwa. Banda alikuwa msomaji wa vitabu vya kale na ramani, na alisema mwenyewe kuwa jina Malawi alilitoa katika ramani ya zamani ya Kifaransa iliyoandikwa ziwa la Maravi. Mwaka 1967 Tanzania ilipodai kuwa mpaka upite katikati ya maji, Banda alikataa. Na mwaka 1968 akaenda mbele, akadai kuwa nchi ya Wamaravi wa kale ilifika mbali ndani ya Tanzania, Zambia na Msumbiji. Nyerere naye alishika kanuni za mipaka ya mito na maziwa. Mmoja alikuwa na ramani ya karne nyingi zilizopita, mwingine alikuwa na kitabu cha sheria. Wavuvi wa Mbamba Bay na wa Nkhata Bay, ambao hawakuwa na kimoja wala kingine, waliendelea kutupa nyavu zao. Ramani zichapwazo Lilongwe huliita ziwa lile Malawi, na zichapwazo Dar es Salaam huliita Nyasa, neno ambalo katika lugha za ufukoni pale halina maana nyingine ila maji mengi.